Komisionere wa Avenue Masuku

Nkongolo alikuwa amepita mbele ya ile nyumba mara nyingi bila kuitazama, maana nyumba tupu haina mtu wa kumkopa. Asubuhi moja aliona gari safi limesimama pale. Ndani yake bwana na bibi wenye kofia za kampuni walikuwa wakimuuliza mwuza mikate kama huku Avenue Masuku bado kuna viwanja. Gari lilipoondoka, Nkongolo alibaki ndani ya vumbi lake kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kanisani.

Manika, mtaa huu wa Kolwezi, ilikuwa inabadilika kweli. Wafanyakazi wa migodi waliochoka kulala kambini walikuwa wanajenga nyumba za ghorofa, mafundi rangi hawakamatiki, na wamama waliouza makaa kwenye kona walianza kuiita kona hiyo "centre", yaani katikati ya mji. Avenue Masuku yenyewe ilikuwa haijafikiwa na fedha, lakini harufu yake ilikuwa imeshafika. Nkongolo, aliyepanga chumba mwisho wa avenue hiyo hiyo, alijua kwamba nyumba ile ina bati zima na ukuta mzima, na kwamba mwenyewe ni mzee wa pensheni aliyehamia Likasi na hajaonekana tena. Alijua pia mambo mengine kuhusu nyumba hiyo, ila hayo hayakuwa ya kumwambia mnunuzi.

Katika Kolwezi watu wenye akili huandika ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba nyumba yao haiuzwi. Wanaandika hivyo kwa sababu ya watu kama Nkongolo. Ukuta huu haukuwa na maandishi yoyote, naye alichukua ukimya wake kuwa ruhusa. Kufika mchana kufuli la lango lilikuwa limekatwa na jingine jipya limewekwa. Kufika jioni majani yalikuwa yamefyekwa.

Kazi yake, kama angeulizwa na mtu wa serikali, ilikuwa komisionere, yaani mtu wa kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi. Ni kweli kwamba katika mikutano mingi aliyoiandaa, muuzaji hakuwa na habari. Mshirika wake alikuwa Florentine, msusi wa sokoni, ambaye akivaa pagne nzuri ya kitenge na kuongea Kifaransa puani hakuna aliyeweza kumtofautisha na mke wa enjinia. Walikubaliana kwamba yeye atakuwa jirani. Mnunuzi akija, jirani atatokea na kusifu utulivu. Mnunuzi akilipa, wote wawili watasikia ghafla hamu ya kuishi Lubumbashi.

Mtu wa kwanza kusimama mbele ya lango alikuwa Mama Mushiya. Alikuwa muuzaji wa samaki wakavu na unga katika soko la Manika, binti wa mfanyakazi wa Kikasai aliyeletwa zamani kuchimba shaba, mwanamke mpana mwenye macho madogo yasiyo na haraka. Alikuja kwa miguu, akasimama, akautazama ukuta. Kabla hajafungua mdomo Nkongolo alikuwa amekwisha kumkaribisha.

"Hii nyumba ni ya mukubwa wangu, mama. Yeye iko Kalemie. Ameniambia niiuzishe kwa muntu wa Mungu, hapana kwa muntu yote."

Mama Mushiya alimtazama, akalitazama kufuli jipya, akamtazama tena.

"Ah," alisema. "Basi unionyeshe, tata."

Nkongolo alimzungusha nje. Funguo za mlango, alieleza, zimebaki kwa huyo kaka yake mkubwa, lakini kupitia dirishani mtu anaweza kuona sebule yote. Alijiandaa kwa ugomvi juu ya jambo hilo. Haukuja. Mama Mushiya alisema ndani ni kazi ya rangi na fagio, yeye anataka kujua nje. Nyumba, alisema, inaangaliwa siku ya ibada, siku ya mvua, na siku wachimbaji wanapopata malipo yao. Mtu anayenunua nyumba siku ya jua na ya kazi amenunua picha tu. Nkongolo alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumletea mwanamke asiyependa kuingia ndani.

Alirudi Jumapili. Florentine alitoka kwenye lango lisilo lake, akasalimu, akaanza kueleza jinsi watoto wake wanavyosoma kwa utulivu. Lakini nganda ya jirani, yaani baa, ilikuwa imewasha baffle zake, spika kubwa kama makabati, tangu asubuhi, na sentensi ile ya utulivu ilibidi aiseme kwa kupiga kelele. Mama Mushiya alishika sikio, akasema anasikitika, nyumba ni nzuri lakini yeye ni mtu wa kusali.

Angeondoka, na hapo hadithi ingekwisha. Lakini alisimama langoni akaongeza kwamba kama si kelele zile, angelipa bei yote bila kupunguza hata kidogo. Hakuna sumu kali kwa tapeli kama mteja asiyepunguza bei. Wiki ile ile Nkongolo alimwendea mwenye nganda, akamnywesha, akambembeleza, mwisho akamlipa ageuze baffle zake zitazame shamba la mihogo na azizime wakati wa misa. Mihogo haikulalamika.

Safari iliyofuata, siku ya malipo ya wachimbaji, Mama Mushiya aliuliza habari za wezi. Nkongolo alisema huku hawapo. Mama Mushiya akamwuliza mwuza mikate, na mwuza mikate, ambaye hakuna aliyemlipa, akasema wapo, mkubwa wao anaitwa Ngeleka na anaishi nyuma ya kanisa. Basi Nkongolo alikwenda nyuma ya kanisa. Hoja yake ilikuwa rahisi: Ngeleka anaijua kila njia ya mwizi kwa sababu yeye ndiye aliyezifungua, sasa avae koti la ulinzi, apate mshahara, aheshimiwe. Ngeleka alilipenda koti. Alilipenda kiasi kwamba aliwafukuza vijana wake mwenyewe, na avenue nzima ikaanza kuacha nguo kwenye kamba.

Florentine aliuliza fedha hizi zote zinatoka wapi. Nkongolo alimwambia ni mbegu. Redio yake ilikuwa imeshauzwa, na televisheni pia.

Kisha mvua ikanyesha. Mama Mushiya alifika katikati ya mvua, akiwa na mwamvuli, viatu mkononi, akasimama barabarani akiangalia maji mekundu yakiingia langoni kama wageni wa matanga. Alitikisa kichwa tu akaenda zake. Kesho yake Nkongolo alikuwa anachimba mtaro, yeye mwenyewe, pamoja na wachimbaji wawili aliowaahidi malipo baadaye. Majirani walitoka kumtazama. Wengine walidhani anataka kugombea cheo. Mzee Kanku, mwenye nyumba aliyempangisha chumba, alimpa mkono akasema avenue haijapata kijana kama yeye.

Lilibaki jambo moja, nalo ndilo Nkongolo alilolijua tangu mwanzo. Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha majani alichokisimamisha kwa haraka na kukiwekea viti viwili vya plastiki, kulikuwa na shimo. Wachimbaji walikuwa wameruka ukuta wakati nyumba ikiwa tupu, wakafuata kobalti kwenda chini, kisha kwenda pembeni, na pembeni ndiko ulikokuwa msingi wa nyumba. Yeye alilifunika kwa mbao, udongo na maua.

Mama Mushiya alikaa kwenye kiti kimojawapo, akanywa soda aliyonunuliwa, akapiga sakafu kwa kisigino. Ikaitika kama ngoma.

Nkongolo alisema ni kisima cha zamani. Mama Mushiya aliweka chupa chini. Sauti yake haikupanda.

"Mutoto wa dada yangu alinunua nyumba mu quartier ingine kule, nyumba ya bei muzuri. Bibi yake alikuwa anapika bukari. Udongo ilifunguka, mama yangu, chungu na moto na yeye, yote chini. Batu balimuchimbua, alikuwa muzima, lakini mimba ilitoka. Tata, unaniambia nini juu ya hiki kisima?"

Nkongolo alikuwa amewadanganya watu wengi, na uso wake ulijua kazi yake. Mara hii uso ulichelewa. Aliangalia maua yake. Akamwona Florentine, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na tabasamu la mke wa enjinia likimtoka taratibu.

"Iko shimo," alisema. "Inaenda mupaka chini ya nyumba."

"Basi ulifunge muzuri," akajibu Mama Mushiya. "Ukilifunga, nakuja na makuta."

Usiende kudhani Nkongolo aliokoka siku ile. Alisikia aibu kwa muda wa kutosha soda kuisha, kisha akarudi kwenye hesabu: fedha ilikuwa imetajwa. Lakini ni kweli pia kwamba alilifunga vizuri kuliko ilivyohitajika kwa uongo. Aliuza pikipiki yake, kitu pekee alichokuwa amekipata kwa jasho. Malori yakamwaga mawe, wachimbaji wakashuka na kuyapanga ndani ya njia za chini, wakashindilia, wakamwaga saruji. Florentine alisimamia kwa ukali, akiwatuma warudie pembe ambayo hakuna mteja angeiona. Nkongolo alipomwuliza kwa nini, alisema hajui, lakini warudie.

Siku ya malipo ilifika. Nkongolo alivaa suti ya kuazima, Florentine pagne ya sherehe, na mfuko wa safari ulikuwa tayari chumbani. Mama Mushiya alikuja amekaa mbele katika lori, na nyuma kulikuwa na vitanda, meza, masufuria, magunia ya samaki na kuku katika tenga. Nkongolo alifungua lango kwa heshima, akaanza kueleza kwamba funguo za mlango zitafika kutoka Kalemie baada ya malipo.

Mama Mushiya alimpita. Alitoa ufunguo kwenye pochi yake, akauingiza mlangoni, ukazunguka kwa sauti laini. Kisha akageuka na kuwaambia wabebaji waanze na vitanda.

Nkongolo alikaa kwenye ngazi. Mama Mushiya alimweleza bila kejeli yoyote, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini samaki wamepanda. Nyumba aliinunua kwa yule mzee wa Likasi, karibu bure, kwa kuwa mzee alisikia habari za shimo na hakutaka kufa na dhambi. Mama Mushiya alikuja siku ile ya kwanza kuitazama mali yake na kujiuliza atapata wapi nguvu za kuitengeneza. Akakuta mtu langoni anamkaribisha.

"Ulianza kusema kabla mi niseme hata bonjour," alimwambia.

"Kwa nini hukuniita polisi, mama?"

"Wangekufunga, na shimo ingebakia wazi." Akaondoka kwenda kuonyesha mahali pa kabati.

Polisi hawakuitwa hata baadaye. Mama Mushiya alisema mtu hamfungi fundi wake. Alimpa kuku mmoja kutoka kwenye tenga, na Nkongolo, aliyekuwa na njaa, alimpokea kwa mikono miwili. Florentine alimpokonya mbele ya lango. Alikuwa ameomba kupanga chumba cha nje, kile kilichokuwa stoo, aweke saluni, na akapewa. Alisema amezoea kuwa jirani pale, na kuku wa kwanza wa nyumba hapelekwi nje.

Kabla mwezi haujageuka, gari safi lilirudi Avenue Masuku, na jingine nyuma yake. Mzee Kanku akaja kumtembelea mpangaji wake, ameshika kofia, akaongea kwanza juu ya afya, kisha juu ya mtaro, kisha juu ya kodi. Kodi mpya ilikuwa ya mtu mwenye kofia ya kampuni.

Nkongolo alijaribu kumtisha. Alimwambia huku kuna wezi, kuna kelele, maji yanaingia, udongo una mashimo. Mzee Kanku alisikiliza hadi mwisho kwa upole.

"Tata Nkongolo," alisema, "avenue hii naijua. We mwenyewe ulinifundisha kuipenda."

Nkongolo akahama. Alipata chumba mbali, upande wa njia ya Mutoshi, kwa mama mmoja aliyeitwa Ngalula, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya kwaya. Safari hii Nkongolo aliuliza yote. Aliuliza kama kuna nganda karibu, maji ya mvua yanapita wapi, wezi wanaingilia wapi, nani anachimba na anachimba wapi. Mama Ngalula alimjibu kwamba mahali hapa, kwa neema ya Bwana, ni kimya kabisa, na watu waliopanga kabla yake waliondoka wakilia kwa huzuni ya kuondoka.

Alikuwa angali anaongea pale mgodi ulipolipua miamba yake ya mchana. Ukuta ulitikisika, kioo kidogo kikaanguka kutoka kwenye msumari, na vumbi laini likashuka juu ya suti ambayo Nkongolo alikuwa hajairudisha.

Mama Ngalula hakupepesa jicho.

"Ni train ya Mutshatsha," alisema.

Njia ya reli ilikuwa upande wa pili wa mji. Nkongolo aliinama, akaokota kioo, akakirudisha msumarini kwa uangalifu, kama mtu anayevua kofia mbele ya mkubwa wake wa kazi. Kisha akalipa.