Keki ya Ghorofa Tatu na Koni Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Jana shemeji yangu mfamasia, kaka wa mke wangu, alikuja na kikombe. Cha plastiki, ila kinang'aa! Amekishinda kwenye mashindano ya kuzunguka koni za barabarani kwa kasi uwanjani, kwa gari lilelile la kuendea kazini. Akakiweka mezani kwetu, kando ya chumvi. Akauliza kama bado naogopa kurudisha gari nyuma. Jumapili wanashindana tena, nami nitamtoa jasho! Gari lipo: la mke wangu, la kupelekea keki. Mke nimemwambia siku hiyo nalipeleka kwa fundi wa breki. Amesema sawa, mradi Jumapili saa nane liwe nyumbani, zima. Ana keki ya harusi, ghorofa tatu, ya kwanza kuagizwa maishani mwake. Mwezi mzima anaiwaza.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi uani. Koni sina, nimepanga ndoo za jikoni. Ndoo nne marehemu. Mke wangu kauliza, nimesema panya. Hakuamini, ila kacheka. Nampenda sana huyu mwanamke.

Ijumaa, 7 Juni
Siri nimeipata: uzito! Nimeng'oa kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki. Kiti nimekificha stoo. Bolti nimezitia kwenye kikombe cha chai. Shemeji kwisha habari yake.

Jumapili, 9 Juni
Aibu! Kila koni ukiigonga unaongezewa sekunde mbili. Mzunguko wa kwanza niligonga tisa, moja ikanasa chini ya gari na kunipigia kelele hadi mwisho. Wa pili nikapotea katikati ya koni, nikajikuta getini. Mlinzi akanifungulia, akanitakia safari njema.

Saa nane ikapita, sina habari. Mara mke wangu huyo, maboksi ya keki mikononi. Shemeji ndiye aliyempigia simu, msaliti! Akachungulia nyuma, kiti hakuna. Hakugomba. Machozi tu yalimlengalenga. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi mbele ya watu wote.

Akajifuta macho, akauliza kama nimebakiza mzunguko. Mmoja. Akamkabidhi kaka yake maboksi, akavaa helmeti. Alikwenda polepole hivi, nikafumba macho kwa huruma. Kufumbua, koni zote zimesimama, na kaka mtu kapitwa kwa sekunde nzima! Nikauliza kafanyaje. Akasema kaendesha kama siku zote, kama vile ana keki nyuma.

Tukaiweka keki pale kiti kilipokuwa, akaendesha yeye. Ilifika bila ufa. Bibi harusi alimkumbatia, na mimi nikalia kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Nimetafakari sana. Kumbe siri si uzito. Siri ni keki! Jumapili ijayo nabeba tatu. Kiti kitasubiri. Bolti sizioni, na chai ya asubuhi ilikuwa na ladha ya chuma. Nimeshamwagiza mke wangu hizo keki, nikasema ni za mteja. Kauliza mteja gani. Nimemwambia ni yule fundi wa breki.