Mali za Mjerumani Shambani kwa Bi Zuhra

Fulgence alimtambua mtu mwenye tamaa kwa namna anavyokaa: hakai, anaegesha. Basi mama mmoja wa Nakapanya alipoegesha kwenye benchi la kibanda chake cha intaneti, nyuma ya stendi ya Songea, Fulgence alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mungu, nadhani, alikuwa na shughuli nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Bi Zuhra. Nasikia unatafuta ramani za dhahabu walizofukia Wajerumani."

Kweli alizitafuta, na kila mara alizipata, kwa sababu alizichora mwenyewe na kuzichovya kwenye chai ya rangi zionekane kuukuu. Ila mteja kwanza hupewa elimu.

"Watu wanaandika ovyo mtandaoni, mama, wanaletewa takataka za dunia nzima. Mimi naweka maneno ndani ya alama za kunukuu, yanakuja hayohayo kwa mpangilio huohuo. Nisilolitaka naliwekea alama ya kutoa mbele, linaondoka. Kitakachobaki hapo ni kweli tupu!"

Hilo la mwisho uongo. Mengine yote sahihi. Tapeli hodari hupika mchele safi, akatia kokoto moja tu.

"Hebu andika Kichuguu cha Chiwaula. Ndilo jina la shamba aliloniachia marehemu mume wangu."

Akaandika kwa madaha, akijua hakitatoka kitu. Likatoka tokeo moja. Moja tu! Barua ya afisa wa Kijerumani: masanduku saba yamefukiwa Kichuguu cha Chiwaula, chimba kwa mistari, hatua kumi na mbili toka shimo hadi shimo.

Akafunga ukurasa chapuchapu.

"Hamna kitu, mama, pole. Ila nimekuonea huruma. Nitakuja kukupimia udongo bure."

"Bure? Allah akujaze kheri! Uje peke yako lakini, kwetu watu wana midomo."

Akachimba siku sita. Yeye, ambaye hata ndoo ya maji huchotewa! Viganja vikatoka malengelenge, mgongo ukagoma, na kila jioni Bi Zuhra alimletea ugali na kumhimiza, "Jitahidi, mwanangu, mvua zinakaribia." Fulgence hakujiuliza hata mara moja mvua na dhahabu vinahusiana vipi. Shimo la sitini nalo likatoa udongo tu.

Siku ya saba Bi Zuhra alikuja akisukuma toroli la miche ya mikorosho.

"Ya nini hiyo, mama?"

"Ya kupanda. Hatua kumi na mbili, ndivyo mkorosho unavyotaka. Vibarua wote walilikimbia shamba hili kwa ugumu wa ardhi, na mvua ikinipita ndio mwaka mzima umekwenda."

"Na barua ya Mjerumani?"

"Kaiandika Shakila, binti yangu, akaiweka mtandaoni mwezi uliopita. Unafundisha watu kutafuta, baba, halafu mwenyewe huangalii nani kaandika na lini! Mwaka jana ulimuuzia shemeji yangu Nassoro ramani. Alichimba mpaka jiko langu likaanguka, nikapika mvuani masika yote. Ulidhani nimesahau?"

Fulgence alitazama mashimo yake sitini, yamenyooka kama ya bwana shamba. Hasira ilimjaa, lakini njaa ilimzidi.

"Basi mama, nisaidie hata nauli ya kurudi Songea."

Bi Zuhra alikuwa ameshainama, anafukia mche wa kwanza.

"Itafute mtandaoni," alisema. "Usisahau alama za kunukuu."