Bustani Tulivu Imenipandisha Presha

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa kazini kanipima presha. Akapima tena. Akakitazama kipimo kama anayesoma barua ya msiba. Eti mwenye presha hii hafai kuning'iniza vyuma vya tani tatu juu ya vichwa vya watu. Mimi! Miaka kumi na tisa kwenye winchi, sijamdondoshea mtu hata parafujo. Ijumaa ananipima tena. Isiposhuka, nashushwa mimi: nitakaa getini kuandika namba za malori. Kanipa vidonge na ushauri: nikitoka kazini nitafute kitu cha kunituliza.

Jioni shemeji, mdogo wa mke wangu, kaniwekea mchezo kwenye simu. Bustani Tulivu. Unapanda kabichi, unamwagilia, ndege wanalia. Basi. Nimemwagilia nusu saa, mabega yakalegea. Presha kwisha habari yake.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe bustani zinashindanishwa! Kundi la familia lina wakulima saba. Mimi wa saba. Anayeongoza anajiita Malkia wa Maboga. Nikauliza ni nani huyo. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye pasi, akasema ni mama yake.

Mama mkwe! Alikuja kututembelea wiki mbili, sasa ana miezi minne. Sina haraka. Mwenye akili hagombani, hupanga.

Jumatano, 6 Machi
Mchezo unaruhusu kumpa jirani zawadi ya mbuzi. Mbuzi asiye na zizi hula kila kitu. Nimempelekea mama mkwe mbuzi sita, pamoja na salamu za heshima. Nikaketi mkabala naye sebuleni nione uso ukibadilika. Akatabasamu. Akaniita mwanangu, akasema tangu nimwoe binti yake sijampa zawadi nzuri kama hii. Nikasema si kitu, mama. Masikini, hajui!

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Kumbe mbuzi akijengewa zizi hutoa maziwa, na maziwa yana alama mara tano ya kabichi. Kajenga zizi! Kaniacha alama elfu nane. Kisha, kwa shukrani, kaniletea mbuzi mmoja. Nimetoka kazini, nafungua simu: kabichi zote zimekwenda, mbuzi kasimama peke yake anatafuna uzio.

Nikapiga ukelele. Mke wangu akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeanguka. Alipoona ni mbuzi wa kwenye simu, hakucheka. Akakaa.

“Kesho unapimwa,” akasema taratibu. “Watu wakiniuliza mume wangu kapatwa na nini, niwajibu mbuzi?”

Nikamwambia atulie. Mambo yote yako mikononi mwangu.

Ijumaa, 8 Machi
Kwenye benchi la zahanati nikafungua bustani kidogo tu, nijitulize. Kabichi mpya zimechipua. Ndege wanalia. Mara zawadi kutoka kwa Malkia. Mbuzi wawili! Papo hapo muuguzi akaniita.

Presha imeipita ya Jumatatu. Daktari akauliza nilijituliza kwa kitu gani. Nikamweleza yote kwa mpangilio, mbuzi mmoja baada ya mwingine. Akachukua kalamu, akaandika hukumu. Getini mwezi mzima, na mchezo niufute mbele yake.

Nilipopita yadini, mwenzangu alikuwa juu ya winchi yangu, anashusha mabati yakiyumba. Kusema kweli, nilisimama hadi bati la mwisho lilipotua.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kaja kunipa pole. Hakujua mbuzi wananiumiza. Alidhani tunacheza pamoja. Eti ndilo jambo la kwanza tulilowahi kufanya sisi wawili. Nikamchemshia chai.

Nimekaa, nimetafakari, nimekiri: kosa lilikuwa la mchezo. Namshukuru daktari, kaniwekea kitu cha maana, programu ya kupumua. Vuta, hesabu nne, toa. Nimefanya mara kumi. Raha tupu! Kisha nikabonyeza pembeni.

Ina orodha ya wapumuaji. Anayeongoza anajiita Kifua Chuma, pumzi elfu mbili. Mimi wa mia tatu na kumi na moja. Navuta na kutoa tangu asubuhi. Kichwa kinazunguka kidogo, vidole vina ganzi, lakini kufikia Jumatatu Kifua Chuma atanitambua.