Watoto wa Sanduku Hawajatoka Misri

Alhamisi watu wengine wana kazi. Sisi tunaosomesha watoto nyumbani tuna bustani ya mji, meza ya mbao chini ya banda, chupa za kahawa, na watoto wanaorushiana kokoto kule kwenye bembea huku tukisema wanajifunza kushirikiana. Hapa Harlow Springs, Missouri, kijiwe chetu kinajulikana, na kila mwenye kiti chake kabatizwa jina. Mimi wananiita Radio, na sina la kujitetea.

Siku hiyo nilifika na taarifa moto moto.

"Jamani! Gari la vifurushi limesimama tena kwa Sanduku!"

"Uongo!" Ratiba akaruka, kahawa ikamwagika. Huyu ana watoto sita, na kila mmoja ana jedwali lake limebandikwa kwenye friji. Hata yule anayetambaa anajua saa yake ya kutambaa.

"Nimeliona kwa macho haya haya. Dereva kakumbatia boksi kama anahamisha jiko. Mbwa wa Sanduku hata hakubweka, wameshakuwa ndugu."

Kocha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Ndiye mwanaume pekee kijiweni. Mkewe nesi, yeye alikuwa anafundisha mieleka. Siku hizi anafundisha wanawe wawili kwa kuwakabidhi tableti, kisha anakwenda kukata nyasi.

"Huo mtaala wa ngapi sasa?" akauliza, maana Sanduku huagiza mitaala ya kufundishia nyumbani, boksi baada ya boksi.

"Wa nne. Labda wa tano, tukiuhesabu na ule wa nyimbo."

"Uhesabu tu. Zile nyimbo niliwahi kuzisikia. Mtu akikuimbia zile unashtaki."

"Mchagua jembe si mkulima," akasema Ratiba, akifuta meza.

Huru akatikisa kichwa kwa huruma. Huru hajawahi kununua mtaala wala, nadhani, viatu. "Nyie mnajitesa. Mtoto muache, dunia itamfundisha."

"Wako ana miaka tisa na hajui kusoma saa," nikamwambia.

"Atajua siku akiwa na miadi."

"Mimi nawahurumia wale watoto," Kocha akasema. "Kila mtaala unaanza historia kutoka mwanzo kabisa, si ndiyo? Agosti wako Misri. Januari mama anakata tamaa, anaagiza boksi lingine. Wanalifungua, ukurasa wa kwanza: Misri! Wana wa Israeli walitoka, bwana. Wale wa Sanduku wamejenga."

"Ansel wake mkubwa anawajua mafarao kwa majina," nikaongeza. "Muulize rais wa kwanza wa nchi hii ni nani, anakutajia Ramsesi."

"Na kuku je?" Ratiba akadakia. Kila mtaala ukifika Misri lazima uwaambie watoto wamkaushe kuku kwa chumvi, wamzungushie vitambaa, wamzike kifalme. "Gerejini kwake wamelala kuku watatu, kila mmoja na jeneza lake la boksi la viatu. Mumewe alikwenda kutafuta spana, akatoka anakemea pepo."

Tulicheka vibaya. Bado tunacheka, Sanduku mwenyewe huyo, macho mekundu, na watoto wake watatu nyuma: Ansel wa miaka kumi, Maeve wa saba, na Boone wa minne, ambaye tayari alikuwa na kitu mdomoni. Wakubwa wakakimbilia bembea. Boone akabaki chini ya meza.

"Chekeni," akasema, akaketi. "Dwight kasema mwisho kesho."

"Mumeo naye! Mwisho wa nini?"

"Kesho shule ya mji inafunga kuandikisha. Ama nichague mtaala mmoja nikae nao mwaka mzima, ama wote watatu wapande basi la njano. Hata Boone, aende chekechea."

Ratiba akachungulia bembea, asije akasikia mtoto. Pale kwetu unaweza kutukana dini ya mtu ukasamehewa, lakini basi la njano halitajwi mbele ya watoto.

"Na mimi sitaki," Sanduku akaendelea. "Maeve nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe, pale kwenye kochi. Siku aliyosoma sentensi yake ya kwanza nililia mpaka akadhani amekosea. Nataka niwe nao. Niambieni tu, nichague upi?"

Lo! Ungedhani kamwaga mahindi katikati ya kuku wenye njaa.

"Kilatini!" Ratiba akapaza sauti. "Unaanza nao wote pamoja, asubuhi na mapema."

"Kilatini? Boone bado anakula udongo, dada," Sanduku akamwambia.

"Ataacha. Mtoto mwenye ratiba hana nafasi ya udongo."

"Usimsikilize, atakuua," Kocha akasema. "Tableti, shosti. Inafundisha, inasahihisha, inawapa nyota. Wewe unakunywa kahawa."

"Kocha, wako mdogo juzi kamsalimia bibi yake, halafu kasimama anangoja nyota!" Ratiba akamdakia.

"Angalau alimsalimia! Wa Huru walimpita kama nguzo."

"Wanangu husalimia wakijisikia," Huru akajibu kwa utulivu. "Sanduku mpenzi, choma mitaala yote. Okeni mikate pamoja. Hesabu zote zimo humo."

"Mikate yako nimeila, Huru," nikasema. "Hesabu haikuwemo."

Wakashikana hapo. Ratiba akamwita Huru mfugaji wa kima. Huru akamwita Ratiba askari magereza. Kocha akasimama juu ya benchi kuamua, akazomewa na wote. Mimi nilikuwa nachochea kila upande, kazi ninayoiweza. Mwenye shida hakuna aliyemkumbuka, mpaka alipopiga meza kofi.

"Hebu nyamazeni! Vitabu havina ubaya. Vyote vizuri! Nikikaa na Ansel tufanye hesabu za sehemu, Maeve anataka nimsikilize akisoma, na Boone yuko juu ya friji. Nikimshusha Boone, Ansel keshatoroka na Maeve analia. Ikifika saa sita mchana, asubuhi nzima nimefundisha neno moja tu: ngoja."

Kila mmoja wetu analijua neno hilo, ila hatulisemi kijiweni.

"Na kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, akituangalia mmoja mmoja. "Nyie wote mna uhakika, na mimi sina. Basi nisaidieni kwa huo uhakika wenu, Jumanne asubuhi tu, mara moja kwa wiki. Ratiba, mchukue Ansel, mpe hicho Kilatini. Kocha, Maeve akae na wanao. Huru, Boone huyu hapa, mwonyeshe dunia. Radio, wewe una gari kubwa, uwapitie tu na kuwasambaza. Mkinikubalia, nampigia Dwight sasa hivi namwambia nimeshachagua."

Ratiba akakohoa. "Jumanne ni mbaya, mpenzi. Jumanne jedwali limejaa."

"Jumatano?"

"Hiyo ndiyo imefurika kabisa."

"Intaneti yangu haihimili mtoto wa tatu," Kocha akasema, akiinama kuokota kofia ambayo alikuwa amekwisha kuivaa.

"Mimi siamini katika siku maalumu," akasema Huru.

"Basi nimlete siku yoyote."

"Siku yoyote ukishaitaja inakuwa maalumu."

Macho yakanigeukia. "Gari lina mlio," nikasema. "Upande wa kushoto." Gari hilo hilo asubuhi ile lilikuwa limelifuata gari la vifurushi mitaa mitatu bila kulalamika.

Ghafla kila mtu akakumbuka kwake. Vifuniko vikafungwa, vikapu vikabebwa, watoto wakaitwa kwa sauti za upole tusizozitumia siku nyingine. Sanduku hakutuzuia. Alitoa simu, akampigia mumewe palepale mbele yetu.

"Dwight? Waandikishe. Wote watatu."

Ratiba akaangusha kikapu. "Mama Ansel! Unawatupa watoto kwa watu wasiokujua?"

Sanduku akamwinua Boone, akamfuta udongo mdomoni, akamweka begani.

"Wasionijua wataleta basi mpaka mlangoni kwangu kila asubuhi," akasema. "Nyie mnaonijua mmeshindwa Jumanne."