Plagi Nne na Ng'ombe wa Don Ceferino

Jumatatu, 8 Januari

Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: huwa naongea na gari. Tena kwa Kihispania. Kiguarani ni cha nyumbani, cha kugombana na kuku. Kihispania nimekisomea shuleni, na gari linastahili heshima. Jioni naingia, napandisha vioo, nalieleza yangu. Na watu siwezi. Mgeni akibisha hodi, mimi niko jikoni nyuma ya pipa la unga.

Gari lenyewe ni la marehemu babu, lile dogo lenye mgongo wa kobe, injini nyuma. Babu alisema nikikua ni langu. Tangu Mwaka Mpya haliwaki. Linakohoa mara mbili, kimya.

Leo mama kapatana na Don Ceferino wa jirani. Jumamosi analeta ng'ombe, anachukua gari. Kubadilishana! Gari la babu kwa ng'ombe! Mama anaoka chipa za kuuza, vile vimkate vya jibini, na jibini inamshinda bei. Akasema ng'ombe hula majani akatoa maziwa, gari letu hunywa petroli likatoa kikohozi, sasa nani mwenye akili abaki na gari?

Nikatoka jikoni. Mwenyewe, bila kusukumwa. Nikasema ni plagi tu, nitazibadilisha kabla ya Jumamosi. Don Ceferino akamgeukia mama: "Kumbe huyu mtoto huongea, Ña Gregoria?"

Mama hakusema kwamba likiwaka litabaki. Lakini hayo hayahitaji kusemwa. Yako wazi!

Jumanne, 9 Januari

Plagi mpya ninazo. Nne, zimelala kwenye buti tangu enzi za babu, bado zimefungwa kwenye karatasi yake. Spana ya plagi pia ipo. Nikangoja siesta, watu walale usingizi wa mchana. Saa hizo hakuna mtu nje ila Jasy Jatere, zimwi la mchana, na yeye huiba watoto, haibi mafundi.

Binamu yangu Derlis anashinda gereji ya barabara kuu na anajua kila kitu, mwulize utasikia. Aliwahi kusema nyaya za plagi hung'olewa mmoja mmoja: toa waya, badilisha plagi, rudisha waya, nenda wa pili. Kazi ya waoga! Mimi nimezing'oa zote nne kwa mpigo, ncha zote mbili. Nikaziosha kwa sabuni. Nikazianika kwenye kamba kando ya soksi. Zimependeza sana.

Plagi tatu zikatoka, nyeusi kama chipa iliyosahauliwa tanurini. Ya nne imejificha chini ya bati. Mkono unaingia, kurudi hautaki. Ngozi ya vidole imebaki huko. Nikaibembeleza kwa Kihispania. Wapi! Nikaitukana kwa Kiguarani, tusi la babu, lile la kipindi cha mavuno. Ikatoka palepale.

Ugunduzi mkubwa: bodi ya gari inaelewa Kihispania, vyuma vya ndani vinaelewa Kiguarani.

Jumatano, 10 Januari

Nimezifunga plagi mpya. Kwanza kwa vidole, taratibu, halafu spana kidogo tu, kama alivyokuwa akifanya babu. Kazi safi kabisa.

Zikabaki nyaya. Nne, safi, zinafanana kama watawa. Kila waya una plagi yake, nao umesahau ni ipi. Si tatizo. Nikazichomeka kwa mantiki: mrefu mbali, mfupi karibu. Nikakaa, nikavuta pumzi, funguo.

BUU!

Kuku wote juu ya paa. Mama akatoka mbio, unga hadi viwikoni, akiuliza nani kapigwa risasi. Nikamjibu injini inasafisha koo. Juu ya uzio kikatokea kichwa cha Don Ceferino, kikapiga ishara ya msalaba, kikashuka.

Maendeleo! Jana halikuwa na sauti kabisa.

Alhamisi, 11 Januari

Derlis kaja. Eti kupita kusalimia. Macho yote kwenye injini.

Nikabuni mpango, na niseme ukweli, ni mpango wa daraja la juu. Mtu akishakaa kunywa terere, chai yetu ya maji ya barafu, haondoki mpaka pembe ya kunywea izunguke mara nyingi na mwenyewe aseme asante, imetosha. Basi nitawakalisha barazani, Derlis na Don Ceferino na mama, wanywe. Mimi nitateleza nyuma nikamalize nyaya kwa amani. Nikatayarisha barafu, nanaa, majani mapya, mrija unang'aa. Viti kivulini. Wakakaa. Wakafurahi.

Derlis akaninyooshea chupa ya maji. Wote wakanitazama.

Mdogo ndiye anayehudumia! Imekuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Mimi mwenyewe nahudumia kila terere ya ukoo huu tangu nina miaka saba, na sikulikumbuka! Alasiri nzima najaza pembe, natoa pembe, napokea pembe. Hakuna aliyesema asante. Derlis alikunywa kama bonde lenye ukame, akinitazama, akitabasamu.

Lakini Derlis hawezi kunywa kimya. Akaanza kujigamba kwamba nyaya za injini ile zina zamu zake kama tasbihi: moja, nne, tatu, mbili, ukikosea cheche inakuja saa mbaya na gari linapiga mizinga. Akasema anayezing'oa zote pamoja ni punda, tena punda aliyekosa mama. Nikatazama barafu. Moja, nne, tatu, mbili. Nimeiiba! Ila moja ni ipi, hakusema. Ningeuliza. Kuuliza ni kukiri.

Don Ceferino naye akamwambia mama hajalala vizuri. Gari linabweka, mkewe anahisi lina kitu ndani, na ng'ombe tangu jana kabana maziwa kwa hofu. Anafikiri labda kila mtu abaki na chake. Mama akakunja uso.

Walipoinuka Derlis akaninong'oneza: "Profesa, liache hivyohivyo. Gari bovu halina mchumba."

Wivu! Anaogopa nitaliwasha.

Ijumaa, 12 Januari

Zamu ninayo. Mwanzo sina. Lakini nyaya ni nne, kwa hiyo mwanzo uko sehemu nne tu. Hesabu, jamani! Nikaanzia upande wa lango. BUU! Nikaanzia upande wa kisima. BUU, na moshi. Nikaanzia upande wa kanisa, kwa imani. BUU kubwa kuliko zote.

Mke wa Don Ceferino akapiga kelele kutoka kwao kwamba ng'ombe haji tena, tusahau. Mama anaukanda unga kana kwamba unga ni mimi.

Derlis akapita, akaniambia nimeshashinda, niweke spana chini nikalale. Akarudia, polepole, kama unavyomwambia mtu mzee: "Dogo. Gari limebaki. Umelipata. Nenda kalale."

Kulala! Na sehemu moja imebaki!

Jumamosi, 13 Januari

Don Ceferino alikuja asubuhi, kofia mkononi, bila ng'ombe. Kuomba radhi. Mama kamkaribisha kwa uso wa jiwe. Mimi nikawa nachomeka waya wa mwisho.

Nikajitokeza. Mbele ya mgeni! Nikasema: "Don Ceferino, subiri. Sikia."

Funguo.

LIKAWAKA! Kikohozi hakuna, mzinga hakuna. Lilinguruma kama paka aliyeshiba. Nililipeleka hadi langoni na kulirudisha. Nikafungua mfuniko nikamwonyesha kila plagi, kila waya, zamu yake na sababu yake. Nikamwambia linafika Asunción na kurudi bila kupumzika. Nimeongea kuliko miaka yangu yote ya shule, kwa lugha zote mbili. Don Ceferino alisikiliza mdomo wazi.

Akavaa kofia. Akaondoka mbio.

Akarudi na ng'ombe. Na ndama wa nyongeza.

Alisema kwa gari zima namna hii ng'ombe peke yake ni dharau. Mama alimpa mkono wa kukubali kabla sijafunga mfuniko. Nikamwambia mama, lakini limewaka! Akanibusu paji la uso, akasema ndiyo mwanangu, Mungu akubariki, bila wewe tusingepata ndama.

Don Ceferino hajui kuendesha. Derlis ndiye aliyelitoa. Alipopita mbele yangu hakucheka. Alipiga honi mara moja, kwa huzuni.

Jumapili, 14 Januari

Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: nililitengeneza vizuri mno.

Mpango mpya. Siesta ya leo Don Ceferino atakuwa anakoroma. Banda lake halina mlango. Naingia, nang'oa nyaya zote nne kwa mpigo, nimeshazoea, nazichanganya, natoka. Jioni Derlis anakuja kumfundisha kuendesha. BUU! Mkewe atalirudisha kwa mikono yake mwenyewe kabla ya Jumatano. Ndama tutawarudishia, sisi si wezi. Na hakuna atakayenishuku, kwa kuwa mji mzima wa Yaguarón anayeijua injini ile ni mtu mmoja tu, nami nitakuwa kitandani nimelala.

Nasikia nyayo. Kandambili za mama, na ndoo inagongagonga. Alfajiri ng'ombe alimpiga teke, na tangu hapo anasema fundi wa nyumba hii ataonyesha ufundi wake. Sijawahi kukamua. Lakini nimemchungulia yule mnyama dirishani, na sioni ugumu wowote. Chuchu ni nne. Nitazishika zote kwa mpi— yuko mlangoni! Daftari chini ya godoro, upesi!