Msuko wa Katani

Jumatatu, 3 Aprili 1911. Morogoro.
Fedheha! Mke wa akida amempa Asia kichwa cha Rehani, binti yake, bi harusi wa Jumapili. Asia huyu jirani yangu! Hasuki kichwa mpaka akioshe, akipake mafuta ya nazi, amuulize mwenyewe kama anaumia. Eti nywele zikifumuliwa, kichwa kipumzike wiki nzima. Kipumzike! Kimebeba mizigo ya nani? Mimi nikisuka, mtu anajua amesukwa. Mtaka uzuri hudhurika. Lakini atakayemsuka binti wa akida ndiye msusi wa mji, na mwingine atabaki kutwanga mpunga wa watu. Sitatwanga mimi.

Jumatano, 5 Aprili.
Akili ni mali! Kaka yangu Stambuli, anayekata mkonge kwenye shamba la Mdachi, ameniletea fungu la katani. Nimeipaka masizi na mafuta ya nyonyo, ikawa nyeusi tii. Nikamwamuru wifi yangu aniungie kichwani, avute bila huruma. Misuko imefika kiunoni. Kiunoni! Nyusi nazo zimepanda, macho hayafumbi sawasawa. Nimepita sokoni, kila mtu ananiuliza nimeshtushwa na nini. Washamba.

Ijumaa, 7 Aprili.
Sijalala. Kichwa kinawasha, nimekikuna kwa mwiko hadi ukavunjika. Asia kanichungulia uani, akasema, Mwajuma mwenzangu, fumua, katani inakata ngozi, utaota vidonda. Wivu mtupu! Nikamwambia vipele vyangu havimhusu. Nikaenda kwa mke wa akida, nikapiga shikamoo ya nguvu, nikageuka polepole aone kiuno. Akauliza kama inauma. Nikasema hata kidogo, machozi haya ni ya moshi wa jikoni. Amemwondoa Asia. Ushindi!

Jumamosi, 8 Aprili.
Nimemsuka Rehani kwa katani ileile tangu asubuhi. Kalia mno. Nikamweleza mama yake kuwa ni uchungu wa kuagana na nyumbani. Binti akaomba nilegeze pale juu ya masikio. Nikakaza. Wasichana wa siku hizi wamelelewa kwa tui la nazi.

Jumapili, 9 Aprili.
Nani aliiambia mvua? Tulikuwa tunavuka mto kumpeleka bi harusi, Uluguru ikatumwagia maji yote iliyokuwa nayo. Kumbe katani ikilowa hujikaza! Stambuli alijua, kamba za shambani hufanya hivyo kila masika. Hakusema, eti sikumuuliza. Basi bi harusi wa watu, anayetakiwa kuinamisha macho kwa haya, akaingia ukweni ameyakodoa, masizi yanamchirizika hadi kwenye kanga nyeupe. Akamtazama mama mkwe bila kupepesa. Mashangazi wa bwana harusi, waliotoka Kinole, wakaanza kunong'ona: binti gani huyu anayewakodolea macho wakubwa? Rehani akapiga yowe. Ikabidi misuko ikatwe kwa kisu cha nyama, na nywele za mbele zikatoka na mizizi yake. Asia ndiye aliyemwosha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka utomvu wa shubiri, akamfunga kitambaa laini. Nimeona aibu, naiandika hapa na nikiulizwa nitakana.

Alhamisi, 13 Aprili.
Mkeka wangu wa kusukia hauna mtu. Nami nimefumua. Mbele ni kweupe hadi utosini, na penye vidonda panatoa maji. Asia kaja na shubiri na mafuta ya nazi, akanisafisha bila kunicheka. Angecheka ningemfukuza. Amesema nikikaa bila kusukwa mpaka vuli, nywele zitarudi. Nikivuta tena, nizisahau maisha. Nikaitikia, ndiyo dada, ahsante dada. Alipotoka nikafikiri. Kosa ni la katani, haiwezi maji. Farasi wa Mdachi ananyeshewa masika yote na mkia wake haujajikaza hata kidogo. Nimempa Stambuli mkasi akaukate. Anaogopa kiboko cha Mdachi! Na mgongo wote ule alionao! Akiniletea, nitasukwa nyuma tu. Mbele hakuna pa kushika.