Ploti ya Naliaka Imepinda Mgongo

Kwa Mwalimu Dolphine wa hesabu,
Kitengela.

Habari ya kazi, mwalimu. Mimi ni Khisa, baba ya Naliaka wa kidato cha nne. Umesema nikuje shule. Mimi ni mtu wa mjengo, nikikosa siku moja mwingine anashika koleo yangu. Mama yake ndiye angekuja, lakini tulimzika. Kwa hivyo nimeandika.

Malalamiko ni haya.

1. Ulimwambia mtoto atafute ukubwa wa mahali iko chini ya mstari umepinda: 4x toa x mraba, kutoka sufuri mpaka nne. Aliniuliza. Nikamwambia andika futi hamsini kwa mia. Ukaweka kosa. Mwalimu, hapa Kitengela kuna ploti gani ingine? Hata ya pasta ni hamsini kwa mia.

2. Hiyo x mraba mnaipandisha iwe x ya tatu, halafu papo hapo mnaigawa kwa tatu. Mtu akipandishwa cheo ndio anakatwa? Hiyo ni tabia ya foreman wetu Elphas, si ya shule.

3. Anaweka nne, anapata jibu. Anaweka sufuri, anapata sufuri. Halafu anatoa hiyo sufuri! Nani hutoa kitu haiko?

4. Jibu lenu ni kumi na thuluthi mbili. Ya nini? Bikoni za mpaka ziko wapi? Jirani ni nani? Sisi tumeuziwa ploti hewa na watu wa kuvaa tai, lakini hata hao walitupeleka tukaona nyasi.

5. Sasa anasema atakuwa injinia. Hiyo umeleta wewe. Naomba umtoe kwa hesabu kabisa, umpeleke mapishi. Ugali haina mstari umepinda.

Sina chuki. Salimia mwalimu mkuu na mlinzi wa geti. Salimia Soipan wa deski moja na Naliaka, umwambie baba yake arudishe wilbaro yangu.

Ni mimi,
Khisa, mjengo wa kanisa.

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha. Leo tumebandika taili ukuta wa mbele wa kanisa, ule juu umepinda kama swali lako. Upana mita nne, kwenda juu mita nne. Mimi na Elphas tukaitisha taili za nne mara nne. Naliaka alileta chakula, akapima, akapandisha, akagawa, akatoa sufuri yake. Akasema, "Baba, mtabakisha." Tukamcheka.

Tumebakisha rundo. Pasta amelizunguka mara mbili akihesabu.

Nambari tano usisome. Asitolewe kwa hesabu. Ukuta wa nyuma nao umepinda.